Chumvi ya Boora

Komora wetu hakuliwa na mamba. Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kusahihisha watu njiani. Ukishuka Garsen ukamtaja, mwenye kibanda cha chai atakuambia mamba alimvuta mtoni mchana kweupe, na yeye aliona. Ukifika Minjila, mamba amekuwa kiboko. Kuna mwanamke mmoja wa Ozi alikuja kunipa pole, akanihadithia mimi, shangazi niliyemlea, jinsi mtoto wetu alivyopambana na nyati kwa mikono mitupu. Nilimsikiliza mpaka mwisho na nikamwongezea chai, maana alisimulia vizuri.

Komora alikufa kwa malaria. Aliugua siku nne, akafa kitandani, amefunikwa shuka safi, akiwa na miaka ishirini na sita. Mamba wote wa Mto Tana walimkosa, mbu mmoja akampata. Komora aliniudhi sana kwa hilo, na mpaka leo sijamsamehe.

Mimi naitwa Hulda. Shamba langu liko ukingoni mwa mto, chini kidogo ya Ngao. Kaka yangu alipofariki aliniachia mtoto wa miaka mitano mwenye magoti yaliyochubuka, na mama wa mtoto alikuwa ametangulia. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo nilidhani mtoto mmoja ni kazi ndogo.

Alipofika miaka tisa alijaribu kuvuka mto kwa karai. Nasema karai, si mtumbwi. Lile karai kubwa nililopewa siku ya harusi yangu, la kukaangia mahamri ya wageni. Aliingia ndani, akakunja miguu, akashika mwiko wangu wa ugali akaufanya kasia. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walipiga mayowe. Nilifika ukingoni na fimbo mkononi, nikamkuta katikati ya mto anazunguka tu, karai linakwenda linakotaka lenyewe, na yeye ananipungia mkono kwa furaha. Ng'ambo hakufika. Mkondo ulimrudisha upande wetu huu huu, ukamtupa hatua kama mia tatu chini, kwenye mdomo wa malka.

Malka, kwa asiyeijua, ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Sisi Wapokomo tunalima ukingoni, Waorma wanachunga nyikani, na kiangazi kikikaza ng'ombe wao hawana budi kupita katikati ya mashamba yetu wayafikie maji. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu kila mahali pameachwa njia, na njia hiyo hailimwi na mtu. Ukiilima umetafuta vita.

Basi siku ile kwenye malka alikuwapo mama mmoja wa Kiorma, jina lake Qabale, ananywesha ng'ombe. Ndiye aliyemvuta Komora kwa fimbo yake ya kuchungia. Mimi nilipofika nikihema nilikuta mtoto ameketi chini anakunywa maziwa, na ndama jike wa rangi ya kijivu anamlamba jasho la shingoni. Nikainua fimbo. Qabale akasimama kati yetu.

“Ngoja kwanza,” akaniambia. “Mtoto anakunywa maziwa. Wewe utachapa baadaye.”

Hiyo baadaye haikufika. Niliporudi nyumbani karai langu lilikuwa limejaa maziwa, na huwezi kumchapa mtoto ukiwa umebeba maziwa kwa mikono miwili. Ndama yule aliitwa Boora. Tangu siku hiyo Komora akawa na nyumba mbili, yangu na ya Qabale, na nikimkosa huku najua yuko kule na Diba, mwana wa Qabale, wanawafundisha mbuzi mambo yasiyofaa.

Kukua alikua, kutulia hakutulia. Alipomaliza shule alifunga mashina ya migomba kwa kamba, akapanda juu, akaniaga kwamba anakwenda Ozi kuona mto unavyoingia baharini na Jumamosi atakuwa amerudi. Alirudi baada ya wiki tatu, ana jogoo kwapani, anaongea Kiswahili cha Kipini kana kwamba amezaliwa huko. Niliposema ugali uko tayari, akaniambia ati yeye siku hizi hula wali. Nikamwambia basi wali uko Kipini. Akala ugali.

Mwaka uliofuata akataka kuona mto unakotoka. Akadandia lori kama utingo, akapotea mwezi mzima. Siku aliyorudi alikaa pale mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, akavua viatu taratibu kama mtu mwenye habari nzito.

“Shangazi, nimefika Nanighi.”

“Enhe?”

“Mto bado unaendelea.”

Hiyo ndiyo habari aliyoniletea baada ya mwezi mzima, nami nilikuwa nimeshamlilia. Nilimrushia kiatu. Alikidaka, akacheka, na mimi nikacheka, na nasema wazi kwamba nilimpenda yule kijana kupita kiasi. Baadaye alipata pikipiki akawa anabeba abiria Garsen. Mimi nilimkatia kipande cha shamba langu kiwe chake kabisa, hatua arobaini kutoka nilipolima mimi, akapanda mahindi na kunde. Nilifikiri shamba litamfunga miguu, na kwa kweli lilianza kumfunga. Alikuwa akiyasifu mahindi yale utadhani hakuna mwingine aliyewahi kupanda mahindi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

El Nino ilipopita na maji yakakauka, mto ulikuwa umebadili sura yote. Ukingo ulimegwa, miti ya mipaka ilichukuliwa, kila kitu kimefunikwa udongo mpya. Watu walirudi wakaanza kuotea tu: hapa palikuwa pangu, pale palikuwa pako. Malka haikuonekana. Lakini mimi niliijua ilipo. Nilikimbia pale siku ya karai na fimbo mkononi, ningeisahau vipi? Tena udongo wenyewe ulinionyesha, maana ng'ombe wamekunya pale miaka na miaka, na ukichimba jembe moja unakutana na rutuba nyeusi hata mafuriko hayakuweza kuiondoa. Nikapanda migomba. Nilijiambia Waorma wako mbali, wakirudi watapita pengine.

Migomba ile ilinenepa mpaka ikanitia aibu. Mikungu ilikuwa mizito hata naiwekea miti ya kuegemea. Komora alikuja siku moja, akaizunguka, akavunja jani akalinusa.

“Shangazi, mbona ndizi zako zinanukia maziwa?”

“Nenda zako.”

“Haya, nimekwenda.” Na akaenda, anapiga mluzi.

Kiangazi kilipokaza ng'ombe wakarudi, na njia hakuna. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mzee Jasper, jirani yangu na mzee wa kanisa letu, akasema malka ilipita kwangu. Mimi nikasema ilipita kwake. Vijana wa Kiorma wakasema watapita popote penye maji, na vijana wetu wakaanza kunoa mapanga mchana peupe ili waonekane wakinoa. Chifu aliitisha kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Katika hicho cha tatu Mzee Jasper alinisukuma kwa maneno mpaka nikasimama mbele ya umati nikaapa.

“Kama malka ilipita kwenye shamba langu,” nikasema, “basi nisionje ndizi tena maisha yangu yote!”

Watu walinong'ona. Kwetu sisi mtu kuacha ndizi si mchezo. Nilikaa chini, nikamwona Komora upande wa pili ananitazama. Hakuwa anacheka, na hilo lilinitisha kuliko kiapo chenyewe.

Siku zile zile chumvi ikaanza kuisha nyumbani. Nanunua pakiti, baada ya siku mbili imebaki robo. Nikasema ni panya. Komora akaniunga mkono kabisa, akasikitika, akatikisa kichwa.

“Hawa panya wetu, Shangazi, wakiendelea hivi watapata presha.”

Wiki moja baadaye, kikao cha nne, akaomba ruhusa ya kusema. Chifu alikuwa amechoka, akampa.

“Wazee wangu,” Komora akasema, “kila mmoja hapa ana shamba au ana mifugo, kwa hiyo kila mmoja ana anachokitaka. Boora hana shamba. Ni ng'ombe mzee, amekunywa maji hapa miaka kumi na sita, hana chama, hana ukoo. Tumwache ashuke mwenyewe. Atakapopita, hapo ndipo malka.”

Kwanza walimcheka. Halafu Mzee Jasper akakuna kidevu. Waorma wakasema hilo ni neno, ng'ombe hasahau njia ya maji. Hata chifu akaona ni afadhali ng'ombe kuliko mapanga. Wakakubaliana kwamba hakuna mtu kumswaga, hakuna kumvuta, wala kumpigia kelele. Mtu mmoja tu atangulie mbele kufukuza nyoka, maana nyasi zilikuwa ndefu.

“Mimi nitajitolea,” Komora akasema kwa unyenyekevu mkubwa.

Siku ya siku ikafika, kijiji kizima kimejipanga. Boora akatolewa, ng'ombe wa kijivu, pembe moja imeinama, anatembea pole pole. Komora mbele, fimbo mkono wa kushoto anapigapiga nyasi, na mkono wa kulia ameuweka nyuma mgongoni. Boora alikuja moja kwa moja kwenye migomba yangu. Alifika, akasimama, akainua pua. Akatia mguu mmoja ndani.

Ndipo Komora akakohoa. Akakohoa mara moja tu, na vidole vya ule mkono wa nyuma vikafunguka. Mimi nilikuwa upande wake, nikaona kiganja cheupe kwa chumvi.

Boora akautoa mguu wake. Akageuka, akafuata mkono ule hatua arobaini, akaingia kwenye mahindi ya Komora mwenyewe, mahindi yaliyokuwa yamefika kiunoni, akayapondaponda mpaka kwenye ukingo, akasitasita kwa sababu pale ni mteremko mkali, kisha akateleza mpaka majini na kunywa. Watu walipiga makofi. Mzee Jasper akasema Mungu hutumia hata mnyama. Chifu akaandika kwenye kitabu chake. Na Komora akasimama katikati ya mahindi yaliyolala, mikono kiunoni.

“Basi imekuwa,” akasema. “Hata hivyo yalikuwa yananichosha.”

Mimi nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikachukua ndizi mbili, nikaenda nikazila mbele ya Mzee Jasper, nikamtupia maganda miguuni pake. Ndivyo nilivyokuwa. Jioni Komora alipoingia nilimwuliza chumvi iko wapi.

“Panya, Shangazi,” akasema, akanawa mikono, tukala. Hatukuzungumza tena jambo hilo. Nilitamani aseme neno ili nimfokee, lakini hakusema.

Shida ya malka ile mpya ni kwamba haikuwa malka. Ukingo ulikuwa mkali, ndama wakiteleza, na chini pana kina ambapo mamba hupenda kulala. Komora ndiye aliyejua kwa nini, basi akajibebesha kazi. Alichonga mteremko kwa jembe, akalaza magogo ya mikoma yawe ngazi, akazungushia miiba majini mamba wasisogee. Kila asubuhi kabla ya kwenda Garsen na pikipiki yake alipita pale kwanza. Mvua ikibomoa, anatengeneza upya. Watu wakasema kijana huyu anawapenda ng'ombe kuliko Waorma wenyewe. Diba akamtania kwamba atamtafutia mke kwao ili kazi ihesabike. Na Boora, kila alipofika, hakuyakimbilia maji. Alikwenda kwanza kwa Komora kulamba kiganja, ndipo ateremke. Chumvi yangu iliendelea kuisha na sikumsingizia panya tena.

Jumanne moja alirudi kutoka Garsen mapema, akisema kichwa kinamgonga. Nikampa Panadol na maji ya ndimu. Jumatano hakuweza kusimama, tukampeleka hospitali. Wauguzi walifanya waliloweza, siwezi kusema lolote baya. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Alhamisi alipata nafuu kidogo, akafungua macho, akaniona ninalia, akakunja uso.

“Shangazi, wakikuuliza, usiwaambie mbu. Sema mamba. Mkubwa.”

“Nyamaza wewe, utapona.”

“Na usisahau chumvi ya Boora.”

Ijumaa saa nne asubuhi akatuacha. Yale maombi yake mawili nilitoka nayo pale hospitalini. La kwanza watu walinitimizia wenyewe bila kuambiwa, mnavyojua. La pili lilinishinda. Nilijaribu kwenda kwenye ngazi zake na chumvi kwenye pindo la leso, nikafika nusu ya njia nikarudi, kwa sababu ningesimama vipi pale alipokuwa akisimama yeye, na migomba yangu iko hatua arobaini inanitazama?

Siku ya maziko walikuja watu mpaka tukakosa pa kuwaweka. Waendesha pikipiki wa Garsen walikuja wote na honi zao, tukawaomba wanyamaze, wakanyamaza kwa dakika tano. Qabale alikuja na wanawake wa kwao wamebeba maziwa ya waliofiwa. Amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo ile ile aliyomvutia Komora. Akakaa kwenye mkeka wangu, bega kwa bega, akanishika mkono, tukalia pamoja. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini.

“Hulda. Ng'ombe yangu hapana kosea njia.”

Nikainamisha macho kwenye mkeka.

“Siku ile mimi niliona mkono wake. Chumvi niliona.”

“Kwa nini hukusema, dada yangu?”

“Kijana alikuja kwangu. Aliniambia, Mama, mpe shangazi muda kidogo. Atasema mwenyewe.” Akanipigapiga mkono. “Mimi nikasema sawa. Nangoja.”

Nilikuwa nimelia siku tatu mfululizo, lakini hapo nililia kilio kingine. Muda wote ule nilidhani ananifichia kwa sababu ameniona mimi mwongo. Kumbe alikuwa ananisubiri. Alipoteza mahindi yake, akachimba ngazi mwaka mzima, ananisubiri nifungue mdomo, na mimi niliutumia mdomo huo kula ndizi mbele ya Mzee Jasper.

Sasa usidhani nilikimbia kwenda kutubu. Mimi ni Hulda. Nililikalia jambo hilo wiki tatu nikapata ujanja. Nikasema, kama Boora ndiye aliyesema uongo, basi Boora ndiye atakayesema ukweli, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni na mikono yangu kifuani. Nikachukua panga nikakata migomba yote ya pale kwenye malka, mikungu ikiwa karibu kukomaa, nikasafisha njia mpaka majini. Kisha nikamwendea chifu, nikamwambia zile ngazi za marehemu zinabomoka, hakuna wa kuzitengeneza, naomba tumwachie tena Boora atuonyeshe, ila safari hii asitangulie mtu. Chifu akanionea huruma. Akawaita wazee, akawaita Waorma, kijiji kikajipanga tena.

Boora akatolewa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alikuja moja kwa moja kwenye visiki vya migomba yangu, njia wazi, maji yanaonekana yanameremeta mwisho wake. Akasimama, akanusa. Nilisema moyoni, haya, mama, nenda, nenda, nitoe aibu hii.

Boora akageuka. Akatembea hatua arobaini mpaka kwenye ngazi za Komora. Hakuteremka kunywa. Alisimama pale juu, pale pale alipokuwa akisimama Komora, akaelekeza uso wake kwenye njia ya Garsen, alikoondokea Komora kila asubuhi, akatoa mlio mmoja mrefu. Kisha akangoja.

“Mmeona?” Mzee Jasper akasema. “Ni pale pale. Hajabadilika.” Akanigeukia kwa upole, na upole wa Mzee Jasper si kitu unachokiona kila siku. “Dada Hulda, pole. Msiba umekuchanganya. Umekata ndizi zako bure. Tutakuja sisi na vijana tukusaidie kupanda upya.”

Watu wakaitikia, ndiyo, tutamsaidia, masikini. Chifu akafunga kitabu chake. Ilikuwa imeisha hivyo. Ningenyamaza tu ningerudishiwa shamba, migomba, na huruma juu yake. Nikamtazama Qabale. Alikuwa ameegemea fimbo yake, hanisukumi kwa neno wala kwa jicho, anangoja, kama alivyosema. Na Boora naye anangoja.

“Yule ng'ombe hatafuti maji,” nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, wakaniambia niseme tena.

“Nasema hatafuti maji! Anamtafuta Komora!” Safari hii walinisikia mpaka ng'ambo. “Komora alikuwa anampa chumvi pale. Siku ile ya kwanza alimvuta kwa chumvi, chumvi yangu, aliiba jikoni kwangu, ili asipite hapa. Malka ni hapa. Niliijua ni hapa. Nilipanda nikiijua. Yeye alinifichia, akatoa mahindi yake, na mimi nikanyamaza mpaka akafa.”

Nilidhani watanizomea, na ningestahili. Badala yake Diba akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akashika kichwa, akasema, “Komora! Komora wewe!” na vijana wetu wakaanza, na wanawake, mpaka chifu mwenyewe akageuka upande akajifanya anakohoa. Walikuwa wanamcheka yeye, marehemu, kwa jinsi alivyowaweka wazee wote wa pande mbili kwenye kiganja pamoja na ng'ombe. Mzee Jasper peke yake hakucheka.

“Na kile kiapo cha ndizi?” akauliza.

“Kimeshaanza, Mzee,” nikasema. “Utanitazama mwenyewe.”

Nilikuwa na chumvi kwenye pindo la leso. Tangu hospitalini nilikuwa natembea nayo. Nikaenda hatua zile arobaini, nikasimama ubavuni mwa Boora, nikafungua mkono. Alinitazama kwanza. Akanusa kiganja, akanusa na mkono mpaka kwenye kiwiko, kama anayetafuta kosa. Kisha akalamba. Ulimi wake unakwaruza, sikujua. Nikatembea mbele yake pole pole mpaka kwenye visiki, akanifuata, akashuka malka ya zamani mpaka majini bila kuteleza hata mara moja, na ng'ombe wengine wote wakashuka nyuma yake.

Ndizi sili. Mzee Jasper huniletea za kuiva kila baada ya wiki kuona kama nitashindwa, nami nampa jirani mbele yake. Chumvi nanunua pakiti mbili. Na huko Garsen nimeacha kubishana sana. Mtu akisema mamba, namwuliza tu alikuwa mkubwa kiasi gani.

Boora bado hajakubali. Kila asubuhi akiteremka hupitia kwanza kwenye ngazi za Komora, ambazo sasa zimeota nyasi. Wachungaji walitaka kumzuia nikawakataza. Anasimama pale juu anaiangalia njia ya Garsen, na mimi nasimama naye naiangalia, halafu nafungua mkono tunashuka.